Mahindi yenye ukungu na uzazi wa nguruwe: melatonini inasaidia?

Ukiona nguruwe jike wa miezi mitatu amevimba uke, umekuwa mwekundu kama wa aliye kwenye joto, usimtafutie dume. Huyo bado mtoto. Kagua gunia unalomlishia.

Mahindi yaliyoshika ukungu huuzwa kwa bei ya kutupa, na mfugaji wa Ruai au Kasarani, Nairobi, aliyebanwa na gharama ya chakula hushawishika. Humo huweza kuwa na zearalenoni, sumukuvu inayotokana na ukungu wa fusariamu. Ikiingia mwilini hujifanya estrojeni, homoni ya kike. Jike aliyekomaa hurudi kwenye joto baada ya kupandwa, au huzaa watoto wachache. Kuku huistahimili, nguruwe humwumiza kuliko mifugo wengine.

Melatonini ni homoni ambayo ubongo huitoa usiku, gizani. Watafiti wameijaribu kwenye mayai ya uzazi ya nguruwe na kwa panya waliopewa sumu kama hizi, na uharibifu ukapungua, kwa kuwa huzima chembe huru zinazoshambulia seli. Habari njema, ila ni za maabara. Vidonge vya watu wanaokosa usingizi usimpe nguruwe kwa kubahatisha. Kisichokugharimu ni kuzima taa ya zizi usiku, maana mwanga hupunguza melatonini ya mnyama mwenyewe. (Kama ni ya kufukuza wezi, ielekeze langoni.)

Kazi kubwa iko kwenye mahindi. Kuchemsha hakusaidii, zearalenoni haiharibiki kwa moto wa jikoni. Udongo wa kunasa sumu unaochanganywa na chakula hushika aflatoksini (sumu nyingine ya ukungu) vizuri, zearalenoni kidogo tu. Fusariamu huanzia shambani, kwa hiyo kukausha huzuia sumu isiongezeke, hakuondoi iliyokwisha kuingia. Yaliyooza yachambue, usiyasage. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna mashine ya kupima unyevu? Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi, rudisha mahindi juani; isipogandia, hilo pekee halithibitishi kuwa yamefika 13.5.

Jike aliyevimba mbadilishie chakula siku hiyo hiyo. Uvimbe hushuka wenyewe polepole. Lakini uke au utumbo wa nyuma ukitokeza nje, mwite daktari wa mifugo, na umtenge mara moja kwa sababu wenzake wataung'ata.