“Ng’ombe” ikisomeka “ngâ€™ombe”: kurekebisha herufi za faili la CSV

Umetoa orodha kwenye hifadhidata kama faili la CSV (maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma), ukaifungua kwa Excel, na ghafla “ng’ombe” imekuwa “ngâ€™ombe”, Wanjikũ amekuwa “WanjikÅ©”. Funga faili bila kuhifadhi chochote. Mara nyingi data yenyewe ni nzima, kilichokosewa ni namna ya kuisoma: katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, alama ’ huandikwa kwa baiti tatu, E2 80 99, na programu inayodhani faili ni la Windows-1252, mfumo wa zamani wenye baiti moja kwa kila herufi, huzisoma moja moja kuwa â, € na ™.

Badala ya kubofya faili mara mbili, fungua karatasi tupu ya Excel, nenda Data, kisha From Text/CSV, uchague faili. Kwenye File Origin weka 65001: Unicode (UTF-8). Majina yakionekana sawa hapo hapo kwenye dirisha la hakikisho, bonyeza Load.

Wakati wa kuhifadhi ndipo wengi huharibu. Chagua “CSV UTF-8”, siyo “CSV (Comma delimited)” ya kawaida. Windows-1252 haina ĩ wala ũ, kwa hiyo herufi hizo huishia kuwa i na u tupu, au alama ya kuuliza. Hapo hakuna amri ya kuzirudisha. Rudi kwenye chanzo utoe orodha upya.

Kama hujui faili limeandikwaje, usitegemee sana neno linaloonekana chini ya dirisha la Notepad, maana nayo hukisia. Kwenye Linux au Mac, fungua terminal ujaribu iconv, programu ya kugeuza mfumo wa herufi (majina.csv ni faili lako):

iconv -f UTF-8 -t UTF-8 majina.csv > /dev/null

Ikinyamaza, faili ni UTF-8 halali. Ikilalamika, huenda ni Windows-1252, ligeuze:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 majina.csv > mapya.csv

Usiandike matokeo juu ya faili lile lile, utabaki na faili tupu.

Kuna balaa jingine: faili limepita jaribio la kwanza, lakini “â€™” bado ipo hata ukilisoma kama UTF-8. Mtu alilisoma vibaya, kisha akalihifadhi hivyo hivyo. Amri ya kulirudisha ni ile ya pili iliyogeuzwa: -f UTF-8 -t WINDOWS-1252. Ikikwama kwenye mstari fulani, tazama kama mstari huo una herufi isiyokuwemo Windows-1252. Urekebishe kwa mkono, kisha uendelee.

Na ikiwa skripti ya Python inasema safu ya “jina” haipo ilhali unaiona ndiyo ya kwanza, shuku baiti EF BB BF mwanzoni mwa faili. Excel huziweka inapohifadhi “CSV UTF-8”, nayo skripti huzihesabu kuwa sehemu ya neno “jina”. Fungua faili kwa encoding="utf-8-sig"; inasoma sawasawa, baiti hizo ziwepo zisiwepo.