Kuandaa nyumba kabla ya uchaguzi mkuu

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, maduka mengi ya Kisumu na Eldoret yalifungwa kwa siku kadhaa, na hata kadi za simu zikawa adimu. Kwa kuwa uchaguzi mwingine umepangwa kufanyika Agosti 2027, ni busara kuweka akiba kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi badala ya kugombania unga dukani wiki ya mwisho, jambo ambalo pia huwaumiza majirani wenye kipato kidogo.

Anza na maji, hasa ikiwa mtaa wenu huwategemea wachuuzi wa mikokoteni. Ukikadiria lita 3 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia tu, familia ya watu watano itamaliza mitungi minne ya lita 20 katika siku 5 hivi, bila hata kufua nguo.

Chakula kiwe kile mnachokula siku zote: unga, mchele, ndengu, maharagwe. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi na kuokoa gesi. Gesi ikiisha, jiko la makaa lisiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa madirisha, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Weka noti ndogondogo kwa siku ambazo mawakala wa M-Pesa watafunga. Dawa za presha na kisukari zichukuliwe mapema, na vitambulisho, vyeti na hati ya shamba vikae katika mfuko mmoja usiopenya maji.