Kamera Ndogo za Plastiki: Kuzikagua Sokoni na Kuzitunza dhidi ya Unyevu wa Dar

Kamera za filamu ya 110 hukutwa mara moja moja kwenye mitumba ya Karume, chini kabisa ya rundo la chaja na rimoti. Kodak walizileta mwaka 1972 kwa jina la Pocket Instamatic. Filamu yake ina upana wa milimita 16, na kila picha ni milimita 13 kwa 17.

Nyingi hukataliwa kwa kosa moja. Mteja anasukuma kitelezi cha kupeleka filamu, anabonyeza kitufe, kimya. Anairudisha akidhani imekufa, kumbe nzima. Filamu ya 110 ina tundu moja kwa kila picha, na ndani ya kamera kuna kijino kinachonasa tundu hilo. Filamu ikisogea inakivuta kijino, nacho kinakaza springi ya shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga unapopiga picha. Bila filamu hakuna cha kukivuta.

Kwa hiyo nenda sokoni na kijiti cha meno. Fungua mlango wa nyuma, kiguse kijino na kukisukuma taratibu kuelekea upande wenye gia mpaka kidake. Mulika tochi ya simu kwa mbele, chungulia kwa nyuma, bonyeza kitufe. Mwanga ukipita mara moja na kukatika, shata inafanya kazi. Kijino kikigoma usikilazimishe, maana kikivunjika spea hakuna.

Kisha angalia nyumba ya betri. Unga mweupe ni betri iliyovuja. Pamba ya masikio yenye tone la siki huutoa, mradi vyuma havijaliwa. Baadhi ya Pocket Instamatic zilitumia betri ya aina ya K, ambayo haitengenezwi tena. Anayeanza achukue Pocket Instamatic namba 10 au 20, ambazo shata yake haitegemei betri. Kamera za diski za mwaka 1982, zenye filamu ya umbo la sahani, ni za kupamba kabati tu, filamu yake haipo tena. Ya 110 bado inatengenezwa na kampuni ya Lomography, ila utaagiza nje. Na ukibahatika kukuta Coronet Midget, kamera ya bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani) ya Uingereza ya miaka ya 1930, kagua nyufa pembeni mwa skrubu kabla ya kuzungumza bei. Ya buluu ndiyo adimu kuliko zote.

Usafi una mtego wake. Lenzi nyingi za bei rahisi ni za plastiki, na spiriti huzipasua vijistari visivyofutika. Puliza vumbi kwanza, halafu tumia kitambaa laini chenye maji kidogo. Asetoni isikaribie kabisa.

Adui mkubwa hapa Dar ni kuvu, hasa wakati wa masika. Huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui. Usiihifadhi kamera kwenye mfuko wake: wa ngozi hushika unyevu, na ule wa plastiki laini hutoa mafuta yanayolainisha bodi mpaka ikanata. Chukua deli la lita tano lenye mfuniko unaobana, weka gramu 50 za silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo kikae kati ya asilimia 40 na 50. Kikipanda kupita 60, kausha silika kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, iache ipoe ndipo uirudishe.