Somo: namna ya kununua gari la spoti la zamani na kuishi nalo

Habari zenu, wapenzi wa magari ya zamani. Wengi mmeliomba somo hili, na nimekawia kwa sababu nilitaka kuliandika kwa utulivu. Kabla ya hatua yoyote nataka mshike jambo moja: unanunua bodi, injini baadaye. Injini iliyochoka inashushwa, inafumuliwa mezani, inavishwa ringi na beringi mpya, na kwa magari mengi mashuhuri spea bado zinatengenezwa. Bodi iliyoliwa na kutu ni miezi ya kukata na kuchomelea, na bili yake mara nyingi inazidi thamani ya gari zima. Hata hivyo karibu kila mtu akienda kukagua gari huanza kwa kufungua boneti.

Hatua ya 1: Chagua modeli moja, uisome

Ukisema unataka gari la spoti la zamani, bado hujasema kitu. MGB ya 1962 hadi 1980, Datsun 240Z iliyotoka mwishoni mwa 1969, Porsche 911 za kupozwa kwa hewa za 1964 hadi 1998, Mazda MX-5 ya kwanza ya 1989: kila moja lina maradhi yake. MGB zilitengenezwa zaidi ya laki 5, spea zake zimejaa, na tangu 1988 hata bodi nzima mpya inapatikana kutoka British Motor Heritage. Jaguar E-Type ya 1961 ni nzuri kupita maelezo, lakini breki zake za nyuma hazipo kwenye magurudumu. Zimekaa katikati, zimebanana na difu, na kazi ambayo kwenye gari jingine ni ya asubuhi moja, hapo ni ya kulala chini ya gari na kutokwa jasho.

Hata ndani ya modeli moja miaka inatofautiana. Krankshafti ya MGB ilikuwa na beringi kuu 3 hadi 1964, ndipo zikawa 5. Mwishoni mwa 1974 ikavishwa bampa nyeusi na ikainuliwa juu, na wanaoziendesha wanajua jinsi inavyolala kwenye kona kuliko zile za kabla yake. Porsche 911 kuanzia modeli ya 1976 zilitumia bati lililopakwa zinki, kwa hiyo za kabla ya hapo zikague kwa ukali zaidi.

Tafuta mmiliki akuruhusu ukae ndani kabla hujaanza kuwinda. Nimeona mtu mrefu akinunua gari alilolipenda tangu utotoni, akagundua goti linagonga usukani kila akikanyaga klachi.

Hatua ya 2: Karatasi na namba

Soma namba ya chesi kwenye gari lenyewe, kisha ilinganishe na ya kwenye kadi. Namba ya injini vilevile. Gari ambalo injini yake ndiyo ileile iliyotoka nayo kiwandani huwa na thamani kubwa zaidi, hasa kwa Porsche na Jaguar, na viwanda kadhaa vinatoa cheti kutoka kwenye kumbukumbu zao. Risiti za matengenezo ya miaka mingi nazithamini kuliko rangi mpya.

Hatua ya 3: Kutu

Hapa msinikimbie.

Gari langu la kwanza la aina hii lilikuwa MGB ya wazi, nyekundu, inang'aa kama imetoka dukani jana. Muuzaji aliniwashia, injini ikaimba, nikalipa. Wiki iliyofuata niliweka jeki chini ya mlango, pale panapostahili, nikainua. Nilipojaribu kufunga mlango wa dereva, haukufunga. Pengo la juu lilikuwa limepanuka hadi kidole kinapita. Gari lilikuwa linajikunja katikati. Nilipokwangua rangi nikakuta bati jipya limechomelewa juu ya bati bovu, na ndani yake kutu inamwagika kama majani ya chai.

Gari la namna hiyo halina chesi ya pekee. Nguvu yake yote iko kwenye vile vizingiti, yaani boksi la bati linalopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwa kuwa halina paa la kulishikilia, vizingiti vikioza limekwisha. Kwa hiyo:

Nenda mchana, gari likiwa kavu. Gari lililooshwa dakika tano kabla hujafika linaficha rangi iliyopasuka na mawimbi kwenye bati. Chuchumaa kwenye kona ya nyuma, jicho usawa wa ubavu, utazame mwanga unavyotembea hadi mbele. Ukivunjika mahali, hapo pamegongwa au pamepigwa puti, yaani ule ujiji wa kuzibia mabonde ya bati.

Chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Ipitishe polepole chini ya milango, juu ya matao ya magurudumu, kwenye pembe za buti. Kwenye bati inavuta, unaisikia mkononi. Kwenye puti inalegea na kuanguka. Ikianguka, weka alama kichwani, usiseme kitu bado.

Inua mikeka na zulia la sakafu. Bonyeza kwa kidole gumba, si kwa bisibisi, maana gari bado ni la mwenzako. Chungulia chini ya betri: asidi iliyomwagika miaka 40 imekula sana 240Z pale. Kwenye MX-5 tazama mwisho wa vizingiti karibu na gurudumu la nyuma, kwa sababu vitundu vya kutolea maji ya paa huziba, na maji yanaingia humo yanakaa. Halafu lala chini na tochi. Bati lililopakwa lami nzito nyeusi juzi tu linanitia shaka kuliko bati lenye kutu ya wazi.

Mwisho, omba ruhusa ya kuliinua penye jeki, uangalie mapengo ya milango kabla na baada. Nalisema kwa uchungu ule ule wa siku ile.

Hatua ya 4: Injini iwe baridi

Mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika, kisha ukifika gusa boneti. Injini iliyopashwa moto inaficha mengi. Chomoa kijiti cha oili, fungua kifuniko cha oili: ute wa rangi ya maziwa huenda ni maji yanayopita kwenye gasketi ya silinda hedi, ingawa gari linalotembea safari fupi tu nalo hupata kidogo. Liwashwe wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, mara nyingi kabureta tu. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Tazama geji ya oili ikiwa baridi, uitazame tena baada ya nusu saa barabarani.

Ukiweza, pima mgandamizo wa kila silinda. Namba yenyewe hainisumbui sana kama silinda zote zinakaribiana. Moja ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 10 ya wenzake, uliza kwa nini.

Hatua ya 5: Barabarani

Punguza gia kutoka tatu kwenda mbili bila kuharakisha. Ikikwaruza, giaboksi imechoka. Achia usukani kidogo kwenye barabara nyoofu, funga breki, uone gari linavuta wapi. Kama lina rimu za waya, sikiliza mlio wa "klanki" ukikanyaga na kuachia mafuta, unaweza kuwa meno ya kitovu cha gurudumu yamekwisha.

Na 911 za zamani ziheshimuni. Injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo ukiingia kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta ghafla, mkia unataka kutangulia.

Hatua ya 6: Hesabu

Andika kila ulichokiona, kipigie bei, ujumlishe na bei ya gari, ulinganishe na bei ya gari zuri la modeli hiyo hiyo. Mara nyingi lile zuri ndilo rahisi. Lala usiku mmoja kabla ya kujibu.

Hatua ya 7: Mwaka wa kwanza

Hata kama muuzaji ni mtu mwaminifu kabisa, anza upya: oili na filta, maji ya rejeta, mafuta ya breki, mipira yote ya petroli. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, yabadilishe kila miaka 2. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli, inalainika na kuvuja juu ya injini yenye moto, na magari mengi mazuri yameungua hivyo. Mipira mipya ni kitu kidogo sana.

Tairi soma namba nne za mwisho pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zikiwa na namba tatu tu ni za kabla ya 2000, usiendeshe hata kidogo. Zilizopita miaka 10 ng'oa, hata kama kashata zimejaa, maana mpira umekuwa mgumu kama ubao.

Bima iwe ya thamani mliyokubaliana mapema na kampuni na kuiandika. Kisha liendeshe. Gari linalosimama, breki zinaganda, sili zinakauka, petroli inachacha. Kila wiki mbili litoe, hadi oili ipate moto kabisa. Kuliwasha dakika tano na kulizima ni kulidhuru, kwa sababu mvuke wa maji unabaki ndani ya injini na ekzosi.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nimepata Lotus Elan, bodi yake ni faibaglasi. Sumaku itanisaidia nini?

Marahaba. Kwenye bodi haitakusaidia, lakini chini ya ile faibaglasi kuna uti wa chuma unaobeba kila kitu, na huo unaoza. Kagua pale zinaposhikwa suspensheni za mbele. Kwenye bodi tafuta nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ni dalili ya kugongwa. Wenye Corvette pia wasijidanganye: fremu ni chuma, na ile fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele huoza bila kuonekana kwa nje.

Mkuu, kuna gari limelala kwenye banda miaka 12. Mwenyewe anasema tuweke betri tulipige starti.

Usikubali, kaka. Chomoa plagi zote, mimina oili kidogo kila silinda, liache siku mbili. Kisha weka spana kwenye puli ya krankshafti, uzungushe kwa mkono. Likigoma usilazimishe, ongeza oili usubiri. Likizunguka vizuri, mwaga petroli yote ya zamani, utainusa tu ujue imekuwa kama vanishi, safisha tangi na kabureta, badilisha oili. Zungusha kwa starti plagi zikiwa nje mpaka geji ya oili ipande. Hapo ndipo urudishe plagi. Na kabla halijasogea hata mita moja, fumua breki.

Ni lazima nitumie petroli yenye risasi? Mzee wangu anasema injini za zamani zinakufa bila hiyo.

Mzee ana hoja. Risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu, yaani pale valvu inapokalia ikifunga, kwenye silinda hedi za chuma cha kutupwa, kama ya MGB. Bila hiyo, ukiendesha kwa kasi muda mrefu valvu hujichimbia taratibu. Dawa ni kuweka viti vigumu siku silinda hedi ikifunguliwa. Mpaka hapo pima nafasi za valvu mara kwa mara. Zikipungua haraka ndiyo dalili. Silinda hedi za alumini, kama za Alfa Romeo na Jaguar XK, zilikuja na viti vya kupachikwa tangu kiwandani, hofu ni ndogo.

Naruhusiwa kuweka distributa ya elektroniki, au nitaharibu uhalisi?

Kipimo changu ni kimoja: je, kinaweza kurudishwa bila kukata wala kutoboa? Kifaa cha elektroniki kinachokaa ndani ya distributa ileile kinaingia kwa bisibisi, na pointi za zamani, yaani swichi ndogo ya kukatia umeme wa cheche, unazihifadhi kwenye boksi. Weka. Ila kama gari lako ni MGB ya kabla ya mwishoni mwa 1967, huenda chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Hakikisha kabla ya kuunga, kifaa kinaungua mara moja.

Nina 911 ya 1983. Kila nikipima oili asubuhi kijiti kikavu kabisa, nikiongeza inatoa moshi. Tatizo nini?

Acha kuongeza, dada, huenda umeshaijaza kupita kiasi. Oili ya gari hilo inakaa kwenye tangi lake la pembeni, na likilala huteremka kwenye injini. Pima injini ikiwa ya moto, inanguruma, gari limesimama tambarare. Ikiwa imezidi, ipunguze.

Langu likipata moto linazima lenyewe, nikisubiri dakika 20 linawaka kama kawaida. Nimeshabadilisha kabureta.

Pole, umebadilisha kabla ya kupima. Siku likizima tena, usisubiri. Toka hapo hapo, chomoa waya wa plagi moja, chomeka plagi ya akiba, ilaze kwenye chuma cha injini na mwenzako apige starti. Kaa mbali na petroli na ushike kwa koleo lenye mpira. Usipoona cheche, mtuhumiwa wa kwanza ni koili, nyingi hufa zikipata moto na kufufuka zikipoa. Cheche zikiwepo, tazama petroli: bomba likipita karibu na ekzosi, petroli inachemka humo na pampu inasukuma mvuke. Lisogeze mbali, au lifunike kwa kinga ya joto, kisha unipe majibu.