Kalkulasi ya biashara: tafuta bei bora ya omena kwa daftari la mauzo

Wanafunzi wa biashara ninaowafundisha hapa Kisumu huja wakiwa wamekariri kanuni tangu kidato cha nne: kipeo kishuke mbele kizidishe, kisha kipungue kwa moja. Waulize kanuni hiyo inamwambia nini mama anayeuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, katika soko la Kibuye, wananyamaza. Kwa hiyo tutaanza na omena, kanuni itafuata. Chukua daftari na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Andika bei na kilo

Tuseme bei ilipokuwa shilingi 400 mama aliuza kilo 20 kwa siku, na alipoteremsha hadi 300 zikatoka kilo 40. Linganisha siku zinazofanana: Jumapili Kibuye hufurika, usiipime na Jumanne. Bei imeshuka 100, kilo zimeongezeka 20, yaani kila kilo ya ziada inateremsha bei kwa shilingi 5. Ukirudi nyuma kutoka kilo 20 hadi sifuri, bei inapanda 100 na kufika 500. Kilo tukiziita q na bei p:

p = 500 − 5q

Siku mbili hutoa makadirio tu. Ukiwa na kumbukumbu za siku nyingi, mstari wako utaaminika zaidi.

Hatua ya 2: Mapato na gharama

Mapato ni bei mara kilo: M = 500q − 5q². Omena ananunua kwa 200 kila kilo, na kibanda pamoja na usafiri humla 1,500 kwa siku: G = 1,500 + 200q.

Hatua ya 3: Uliza habari ya kilo moja zaidi

Hapa usiharakishe. Akiuza kilo 30, bei ni 350 na mapato 10,500. Ili auze kilo 31, lazima ashuke hadi 345, na mapato yawe 10,695. Nyongeza ni 195, wala si 345. Kilo ya 31 imeleta 345, lakini zile 30 za kwanza zimepoteza shilingi 5 kila moja, jumla 150. Wengi huteleza hapo: hutazama bei ya kilo mpya, wakasahau punguzo walilotoa kwenye nyingine zote.

Sasa ongeza kidogo zaidi. Kutoka kilo 30 hadi 30.1, mapato yanapanda kwa 19.95, ambayo ni sawa na 199.5 kwa kilo. Kutoka 30 hadi 30.01 unapata 199.95 kwa kilo. Unaona zinakoelekea: 200. Hiyo ndiyo kasi ya badiliko la mapato ukiwa kwenye kilo 30, na ile kanuni ya kidato cha nne hukupa jibu hilo mara moja:

M′ = 500 − 10q

Weka 30, upate 200. Wanahisabati Newton na Leibniz walijenga hesabu hii, iitwayo kalkulasi, katika karne ya 17. Mwaka 1838 mwanauchumi Mfaransa Cournot aliitumia kutafuta bei inayomfaa muuzaji aliye peke yake sokoni.

Hatua ya 4: Sawazisha

Kasi ya gharama ni G′ = 200. Kwa hiyo 500 − 10q = 200, q = 30, bei 350. Faida ni 10,500 − 7,500 = 3,000. Jaribu bei ya 400 au ya 300: zote mbili zinaishia 2,500. Kabla ya kilo 30, kila kilo inaleta zaidi kuliko inavyogharimu. Ukishapita hapo, mambo yanageuka.

Tazama tena G′. Zile 1,500 za kibanda na usafiri hazimo! Kodi ikipanda hadi jumla iwe 2,000, bei bora inabaki 350 ile ile. Anayepandisha bei ili afidie kodi anajipunguzia faida mara ya pili. Kodi huamua kama kibanda kiendelee kuwepo au kifungwe, bei haiigusi.

Hatua ya 5: Rudisha jumla

Toa G′ kwenye M′, ubaki na 300 − 10q. Chora mstari huo kutoka 300 hadi ufike sifuri kwenye kilo 30. Eneo la pembetatu chini yake ni nusu ya 30 × 300, yaani 4,500. Ondoa 1,500, faida ni 3,000 tena. Kukokotoa eneo hilo ndiyo nusu ya pili ya kalkulasi.

Hatua ya 6: Gharama ikibadilika

Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti omena vizuri ziwani, na bei ya ufuoni hupanda. Tuseme kilo sasa inanunuliwa kwa 300. Hesabu upya: 500 − 10q = 300, q = 20, bei 400. Gharama imepanda shilingi 100 lakini bei bora imepanda 50 tu, na faida ni 500. Akiwarushia wateja shilingi 100 zote, auze kwa 450, zitatoka kilo 10 na faida itakuwa sifuri. Akiiacha bei pale pale kwenye 350, atauza kilo 30, na faida itakuwa sifuri vilevile.