Kuchoma chungu cha kupikia bila tanuri: kwa wanaoanza Moshi na vitongoji vyake

Vijana wakiniita niwasaidie kuchoma, kitu cha kwanza kunionyesha ni kuni. Mimi huomba kuona vyungu. Kinachokipasua chungu motoni mara nyingi ni maji yaliyobaki ndani ya udongo, na kuni nzuri kiasi gani haziwezi kuponya hilo.

1. Udongo

Achana na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kubwa kiangazi. Unavimba na kusinyaa kupita kiasi. Chukua udongo ambao ukiuviringisha mwembamba kama penseli na kuuzungushia kidoleni haukatiki. Uanike, uponde, uloweke, uchuje. Toa kila kijiwe cheupe cha chokaa unachokiona: kikishaungua hunyonya unyevu wa hewani, kinavimba, kisha kinabandua kipande cha chungu siku kadhaa baada ya kuchoma, pengine chungu kikiwa tayari kwa mteja.

Kwa sehemu nne za udongo weka moja ya vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa na kuchekechwa. Wapo wanaotumia mchanga. Mimi nataka vigae tu, maana vimeshapita motoni na havisinyai tena.

2. Kufinyanga

Finyanga kwa kamba za udongo, lainisha kwa gunzi na kipande cha kibuyu. Gurudumu si lazima kwa chungu cha kupikia. Angalia unene uwe sawa, hasa pale kitako kinapokutana na ubavu.

3. Kukausha

Hapa usiwe na haraka. Weka chungu kivulini, juu ya mbao, mbali na upepo wa mlangoni. Mdomo hukauka kabla ya kitako, kwa hiyo ufunike kwa nailoni siku za mwanzo. Ukishakuwa mgumu kiasi cha kubeba uzito, kigeuze kifudifudi ili kitako nacho kipate hewa. Usikianike juani kikiwa kibichi: upande unaopigwa na jua unasinyaa peke yake, na ufa unaanzia hapo.

Baada ya siku chache rangi itafifia, na wengi hudhani kimekauka. Kiweke shavuni. Ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka. Mimi naamini mizani zaidi ya shavu: pima asubuhi, pima jioni, mpaka uzito uache kushuka. Lakini hata mizani inakuambia tu kwamba chungu kimelingana na hewa ya siku hiyo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na ile baridi ya mawingu ya Juni na Julai, hewa yetu yenyewe ina unyevu. Chungu kilichoacha kupungua uzito Julai bado kina maji.

Ndiyo maana napenda kichanja cha jikoni, pale juu ya mafiga tunapokaushia kuni. Viache vyungu huko wiki nzima, moshi na joto vivipitie. Kama unapikia gesi na huna kichanja, siku ya kuchoma vizungushe kwenye moto mdogo, midomo ikitazama moto, na uvigeuze kila mara. Moto usiguse chungu. Saa tatu au nne si nyingi. Kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika, shikilia kioo kidogo cha baridi mdomoni mwake. Kioo kikiingia ukungu, endelea. Kikibaki kikavu, ndipo ukipeleke kuchomwa.

Usifupishe hatua hii hata kama mteja anapiga simu. Kwa mwinuko wa Moshi maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, na yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya mwanzo. Ukuta wa chungu hauna nafasi hiyo.

4. Kuchoma

Chagua asubuhi isiyo na upepo. Tandika kuni na samadi kavu, panga vyungu kifudifudi vikiwa bado na joto, vifunike kwa vigae vikubwa, kisha mabua na majani makavu ya migomba. Juu kabisa mwaga pumba za mpunga; kwenye mashine za kukoboa za Chekereni zipo tele. Kwangu pumba ni bora kuliko kuni nyingi: huungua taratibu na kutunza joto, na hukati mti. Vyungu viwake wekundu. Usifukue mpaka kesho yake.

Gonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole. Mlio mkali, kizima. Mlio mzito, kina ufa. Kiweke pembeni, kitatwangwa.

5. Kuziba

Pika uji mzito ndani yake kwa moto mdogo, uache upoe humo, kisha osha bila sabuni. Wanga wa uji huziba vitundu. Mwambie mnunuzi aanze na moto mdogo kila anapopika, na asimwage maji baridi kwenye chungu cha moto. Rangi ya mafuta usipake, hata akikuomba.