Somo: Kuacha sigara ukiwa na mtu wa kukushika mkono (niko Moshi)

Wadau, swali la "uliachaje?" nimelijibu inboksi hadi vidole vimechoka. Nilivuta miaka 11, huu ni wa 3 sijagusa. Naandika mara moja tu.

1. Panga siku. Isiwe ya harusi wala ya msiba.

2. Usiku wa kuamkia siku hiyo tupa vyote: pakiti, kiberiti, na kile kipisi ulichokichomeka juu ya mlango.

3. Tafuta mtu mmoja. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Mara ya kwanza kazi hiyo nilimpa mke wangu, akageuka askari. Nikirudi kutoka mjini, ananusa shati. Siku ya 9 niliteleza pale stendi, nikatafuna karafuu, nikaapa sijavuta. Uongo wa pili haukunisumbua hata kidogo. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimerudi kwenye pakiti nzima kwa siku, na yeye ananisifia kwa mama mkwe.

Mara ya pili nilimfuata mzee mmoja muuza kahawa wa Mbuyuni, aliyewahi kuacha mwenyewe. Tulikubaliana hivi: hamu ikibana nampigia, tunaongea lolote, bei ya ndizi, mvua, mpaka ipite. Huwa haifiki dakika kumi. Nikiteleza namwambia siku hiyohiyo. Haniulizi kwa nini. Anauliza, "Ulikuwa wapi, na nani?"

ONYO: usichague mtu unayemwogopa. Usichague mvutaji mwenzako eti mtaacha pamoja. Na usitangaze kijiwe kizima, wapo watakaokuwashia kwa utani.

4. Siku 3 za kwanza ndizo chungu: hasira, kichwa, usingizi unapaa. Wa nyumbani wajue mapema, wasidhani umepandisha mashetani.

5. Muone daktari au mfamasia. Bazoka na plasta za nikotini (kile kilevi cha kwenye tumbaku) zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2009, ila ulizia kwanza duka gani linazo.

MASWALI

Boda wa Pasua: Mkuu, kwa hiyo dawa ni ipi?
– Namba 5.
Boda wa Pasua: Nataka ya siku moja.
– Haipo. Anayekuuzia anakula hela yako.

Mama Nee: Mwanangu, mume wangu kaacha sigara ila kahamia ugoro. Si afadhali?
– Shikamoo mama. Ugoro ni tumbaku ileile, nikotini ileile, na kinywa nacho hakisalimiki. Lakini usimsake mifukoni. Yupo kaka au rafiki anayemsikiliza? Muombe huyo akae naye.

Kibosho Juu: Tangu niache, kahawa yangu ya kila siku inanikimbiza moyo, silali. Ni mimi tu?
– Swali zuri sana. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje haraka kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa. Ukiacha, kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Punguza nusu. Mzee wangu ndiye aliyenipunguzia vikombe, na muuzaji ni yeye! Moyo ukiendelea kwenda mbio, nenda kapime.

Kibosho Juu: Asante mkuu. Hiyo bazoka natafuna kama Big G?
– Hapana. Tafuna taratibu mpaka iwashe kama pilipili, ibane shavuni, ikipoa rudia. Kama nusu saa hivi. Kahawa na soda uziache dakika 15 kabla, la sivyo nikotini haiingii vizuri.

Boda wa Pasua: Tupe namba ya huyo mzee.
– Sitoi namba ya mtu. Kaa kwenye benchi la kahawa asubuhi, uliza nani aliwahi kuacha. Na wewe ndiye ulipe kahawa.